Drafti la Madebe Mawili

Siku ile mjinga alikuwa Hezroni, na ukimbana leo hakatai. Hukataa kidogo tu. Atakuambia ujinga wake ulikuwa robo, robo nyingine ya Lameck mwendesha mashine, na nusu nzima iliyobaki ni ya bwana shamba, kwa kosa la kuzaliwa na vidole vyepesi. Lakini waliokuwepo Ipinda Jumamosi ile ya mwezi wa sita, mwaka tisini na nne, hawana mgawanyo huo. Wanasema ujinga ulikuwa mmoja, mzima, na wote wanajua ulikalia kigoda gani.

Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Mwenye gari alinunua mpunga, mwenye mashine alikoboa, na mwenye maneno alijiita dalali. Ghala la chama cha ushirika, ambako Hezroni alikuwa mpima mizani kwa miaka kumi na mmoja, lilibaki na popo. Yeye alipewa barua na mkono wa kwaheri. Akachukua spana zake, pampu na karai la maji ya kutafutia pancha, akajibanza kwenye baraza la mashine ya kukoboa ya Mama Angetile, akawa fundi baiskeli. Hakulalamika sana. Alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mkubwa angeweza kukiandikia barua: drafti.

Drafti la pale halikuwa kama la kwingine. Watu walikuja na magunia yao kutoka Busale, kutoka huku na kule, wakapanga foleni, na kwenye foleni mtu hataki mchezo wa kuota mizizi. Basi saa yao ilikuwa mashine yenyewe. Lameck akimimina madebe mawili ya mpunga kwenye mdomo wa mashine, ikaanza kunguruma kwa sauti nzito, kete ya kwanza inasogea. Mpunga ukiisha, mashine ikaanza kulia sauti nyembamba kama mtu aliyefinywa, mikono juu. Mnahesabu. Kete zilikuwa vizibo vya soda: cha kawaida kinahesabiwa kimoja, kingi vitatu. Dakika tano, zikizidi sana sita. Na atakayeinuka kwenye kigoda kabla mashine haijalia, amefungwa; sheria hiyo iliwekwa kwa sababu ya wale ambao wakizidiwa hukumbuka ghafla kwamba nyumbani wameacha mbuzi hajafungwa.

Kwa miaka minne Hezroni alikuwa mfalme wa kigoda kile. Watu walimwita "Tata Mizani," yaani Baba Mizani, maana alikuwa akiupima mchezo kama alivyokuwa akipima mpunga: taratibu, shingo upande, bila kumwonea mtu. Ndipo akaja Gelasius.

Gelasius alikuwa bwana shamba, kijana wa Ludewa, Mkatoliki mwenye rozari mfukoni na kalamu tatu kifuani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa huko kwao ziwani, na kila safari ya kwenda na kurudi ilimkalisha bandarini Itungi akisubiri meli pamoja na mabaharia waliokuwa wakicheza drafti juu ya pipa. Pale honi ikilia mchezo umekufa, uwe umeshinda au hujashinda. Huko ndiko alikojifunza kucheza kama mtu anayekimbiza kuku.

Siku ya kwanza alipokaa mbele ya Hezroni alisalimu vizuri, kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee."

Mzee! Hezroni alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na meno yote.

"Marahaba, mwanangu," akamjibu. "Karibu uzoee kufungwa."

Mashine ikanguruma. Kijana hakuinamia ubao. Aliweka kidole cha kati juu ya kizibo, akakisukuma, *tap*, akarudisha mkono gotini. Hezroni akafikiri kidogo, akajibu. *Tap*. Kabla Hezroni hajauondoa mkono wake, jibu limeshafika. Alipoona mtego na kuanza kuufumbua, mashine ikalia. Wakahesabu: kete saba kwa tano.

"Mpunga wa leo mwepesi," Hezroni alisema.

"Ni kweli, mzee," alijibu Gelasius, na lililomuudhi Hezroni kuliko kufungwa ni kwamba kijana alikuwa hamdhihaki.

Mwezi ule mzima mpunga ukawa mwepesi. Mwepesi kwa tatu, mwepesi kwa nne. Wale waliokuwa wakisimama nyuma ya Hezroni wakahamia upande wa pili wa ubao, mmoja mmoja, kama kivuli kinavyohama mchana. Mtoto wa jirani akapelekwa na baba yake atengenezewe baiskeli, lakini baba mwenyewe akamwuliza Hezroni, "Bwana shamba atakuja saa ngapi?" Hezroni akakaza nati mpaka ikavunjika.

Na nyumbani hakukuwa na nafuu. Mkewe, Asifiwe, mwanamke mwenye kicheko kinachofika barabarani, alikuwa akipeleka mpunga mashineni mara moja kwa wiki. Mwezi ule alipeleka mara nne.

"Tunakula sana siku hizi?" Hezroni alimwuliza.

"Baba Erasto, wewe hujamwona yule bwana shamba anavyocheza? Vidole vyake kama vya mtu anayechambua mchele! Anachambua huku anaongea na watu!"

"Nimemwona."

"Aa, kumbe umemwona." Akageuza ugali. "Maana kila nikifika wewe unakuwa unatazama juu."

Hezroni alihesabu. Kabla ya chakula kwisha Asifiwe alikuwa ametaja "bwana shamba" mara sita na "baba Erasto" mara mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa ya kumwomba asogeze chumvi. Usinidhanie vibaya, hakuwa na wasiwasi kuhusu mkewe. Asifiwe alikuwa mtu wa kanisani na wa nyumbani. Wivu wake ulikuwa wa aina mbaya zaidi. Alimwonea kijana wivu wa kile kicheko. Zamani kilikuwa kikilia Hezroni akila kete tatu kwa mpigo.

Mambo yangebaki hapo, yakauma polepole mpaka yazoeleke, kama si Mama Angetile. Dada yake alikuwa ameolewa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, na shemeji yake, Andrea, alikuwa na mashine kama ile na mchezaji ambaye Wamalawi walimsifu mpaka ikawa kero. Andrea alileta salamu: leteni mtu wenu, mmoja tu, Jumapili baada ya ibada, tumalize ubishi. Mama Angetile alikuwa na pikapu, na mbele ya pikapu kulikuwa na nafasi moja ya abiria.

"Shemeji yangu anataka ajue anayeenda ni mtu wa namna gani," aliwaambia wote wawili, Hezroni na Gelasius, Jumatatu ile. "Anachezaje, ana nguvu gani, wapi ajirekebishe. Sasa mimi sijui drafti, najua mpunga. Kila mmoja aniandikie kuhusu mwenzake. Ijumaa mniletee. Nitaamua."

"Mimi nimwandike huyu?" Hezroni aliuliza.

"Nani mwingine, tata? Wewe si ndiye unayemtazama kutwa?"

Watu wakacheka. Na kweli alikuwa akimtazama. Siku nne zile alimtazama kama mpima mizani anavyomtazama mkulima aliyeweka mawe kwenye gunia. Alichukua daftari la hesabu la mwanawe Erasto, akaligeuza nyuma, akaandika. Nakuambia, hakuna aliyewahi kumjua mchezaji mwenzake kama Hezroni alivyomjua Gelasius wiki ile. Mpenzi hujua anachokipenda; mwenye wivu hujua vyote.

Aliona kwamba kijana hubadilishana kete mapema, moja kwa moja, ili ubao ubaki mweupe na kusiwe na mambo mengi ya kufikiri. Aliona anashika katikati na haiachii. Aliona hana hasira: anaweza kukulisha kete moja huku anatabasamu, akala mbili. Aliona kwamba muda kwake ni kete ya kumi na tatu. Anapoona anaongoza, anasogeza kizibo chochote kisichodhuru na kusubiri mashine ilie. Yote hayo aliyaandika, na yalikuwa kweli, na kila neno lilimchoma.

Alhamisi ndipo alipoona la tano. Siku hiyo mkanda wa mashine ulilegea katikati ya mchezo, Lameck akawa anauvuta na kuupaka nta, na yale madebe mawili yakachukua kama dakika tisa. Gelasius alikuwa akicheza na mzee mmoja wa Busale asiyejua hata kingi inarudi vipi nyuma. Dakika ya sita kijana akaanza kugeuza shingo kuitazama mashine. Ya saba akaacha mstari wa nyuma wazi. Ya nane yule mzee, ambaye hakujua anafanya nini, akapita akavaa kingi. Mkanda ukakaa sawa, mpunga ukaisha, Gelasius akashinda kwa kete moja, akijifuta jasho.

Hezroni aliyeyuka kwa furaha. Kumbe! Kumbe kijana hachezi kwa macho, anacheza kwa masikio. Dakika tano anazo kichwani kama wimbo. Ukimrefushia wimbo hajui beti zinazofuata.

Hilo hakuliandika.

Aliloliandika kwenye karatasi safi, la kumpa Mama Angetile, lilikuwa hivi: "Ndugu Gelasius anacheza kwa haraka kama mtu mwenye haja. Nguvu zake ni mikono. Pa kujirekebisha: heshima kwa waliomtangulia, kupiga kizibo kwa kelele, na kuongea na wanawake wakati wa mchezo. Karonga ni ugenini, tusijiaibishe."

Ijumaa jioni Mama Angetile alisimama kwenye baraza, miwani puani, akazisoma zote mbili kwa sauti. Hezroni hakutegemea zisomwe kwa sauti. Iliposomwa ya kwake, watu walicheka pale kwenye "mtu mwenye haja," halafu pale kwenye "wanawake" wakageuka kumtazama Asifiwe, aliyekuwa ameketi juu ya gunia. Asifiwe alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Kisha ikasomwa ya Gelasius, mwandiko wa mtu wa ofisini, mistari imenyooka.

"Mzee Hezroni anaona mbali kuliko mtu yeyote niliyecheza naye, hata Itungi. Mitego yake ni ya hatua saba, nane; mimi huponea kwa sababu muda unakwisha. Akipewa ubao uliojaa kete, ni hatari. Hali kete kwa tamaa. Pa kujirekebisha: anapoteza dakika mbili za mwanzo kwa kumtazama mpinzani usoni, wakati kete haziko usoni. Akiziokoa dakika hizo, sidhani kama nitamweza."

Halafu sauti moja nyuma: "Sasa huyo ndiye ameandika."

Ungedhani Hezroni alifurahi kusifiwa. Hata! Sifa ya mtu unayemchukia ni kama kupewa lifti na aliyekugonga. Masikio yalimwaka. Angemwandika vibaya, wangekuwa sawa. Sasa kijana alikuwa amemzidi kwenye ubao, kwenye karatasi, na kwenye utu, na hata kasoro aliyomtajia ilikuwa kweli.

"Mimi bado sijaamua," alisema Mama Angetile, akikunja karatasi. "Wa kwanza kaandika chuki, wa pili kaandika kwamba mwenzake ni bora. Nimkamate yupi? Basi kesho saa nne. Mchezo mmoja, madebe mawili. Atakayeshinda anapanda mbele."

"Ndaga, mama," alisema Gelasius, kwa Kinyakyusa chake cha kuokoteza, na watu wakampigia makofi. Kwa neno moja! Hezroni alizaliwa na lugha ile na hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa kusema asante.

Watu walipotawanyika alimfuata Lameck nyuma ya mashine, kwenye sakafu ya kuanikia mpunga. Lameck alikuwa akifunika magunia.

"Lameck, kuna mpunga gani mbichi hapa?"

"Mbichi wa nini, tata? Mbichi haukobolewi. Unaziba chekecho, unakatika chenga."

"Najua. Nimefanya kazi ghala miaka kumi na mmoja, unanifundisha wewe? Nauliza upo?"

Lameck akachukua punje kutoka kwenye gunia la pembeni, akaing'ata. Haikulia *kah*, ilikandamizika kama unga wa maandazi. "Huu. Umeletwa leo kwa baiskeli, umenyeshewa njiani. Mwenyewe kasema uanikwe siku mbili."

"Madebe mawili ya huu yanakwenda dakika ngapi?"

Lameck alikuwa kijana mzuri lakini si mwepesi. Akahesabu. "Kumi. Kumi na mbili. Inategemea chekecho."

"Kesho saa nne, ukimimina ya mchezo wetu, mimina haya."

"Tata Hezroni!"

"Madebe mawili tu, Lameck. Kwenye gunia zima nani ataona? Halafu lile tandiko la baiskeli, la ngozi, unalolitamani, njoo uchukue."

Lameck akamtazama, akalitazama gunia, akalifikiria tandiko. Baiskeli yake ilikuwa na tandiko la gunia lililofungwa kwa mpira, na mtu huwaza mengi akiwa amekalia kitu kama hicho kutoka kwao mpaka Ipinda. Akakubali. Na hapa ndipo ujinga ulipoingia, na uliingia kwa mlango mkubwa. Mtu aliyepima mizigo ya watu miaka kumi na mmoja, ambaye hakuwahi kuweka gunia kwenye mizani kabla hajauliza "la nani?", siku hiyo hakuuliza. Wivu ulimwambia mpunga ni mbichi. Kuuliza zaidi ni kupoteza wakati.

Jumamosi saa nne baraza lilijaa. Kulikuwa na joto lile la Kyela linalotoka chini. Hezroni alikuwa amevua shati, amebaki na singlendi yenye tundu kwapani, suruali ameikunja mpaka magotini kama mtu aendaye jarubani. Gelasius alikuja na kalamu zake tatu. Wakashikana mikono.

"Mzee, kila la heri."

"Utaihitaji wewe."

Lameck akamimina bila kumtazama mtu. Mashine ikanguruma.

Safari hii Hezroni hakumtazama kijana usoni hata mara moja, na ninyi mtajua alilitoa wapi wazo hilo, ingawa yeye hawezi kukiri. Alicheza mapema, akakataa kubadilishana, akaujaza ubao. Lakini kijana naye hakulala. *Tap, tap, tap.* Katikati ikawa yake. Dakika ya nne akamlisha Hezroni moja, akala mbili. Watu wakaguna. Dakika ya tano alikuwa akiongoza kwa kete moja, na akaanza yale mambo yake ya kusogeza kizibo cha pembeni na kusubiri.

Mashine haikulia.

Ilikuwa ikinguruma kwa kukoroma, kama ng'ombe mwenye kikohozi. Lameck alikuwa akigonga chekecho kwa fimbo. Gelasius akasogeza kingine cha pembeni. Akageuza shingo. Hezroni alihisi kitu kitamu kikipanda kutoka tumboni. *Tazama, mwanangu. Tazama vizuri. Imba sasa.*

Dakika ya saba kijana hakuwa tena na kizibo cha kusogeza bure. Ikambidi afikiri, na hakuwa na mazoea ya kufikiri taratibu. Mstari wa nyuma ukafunguka. Hezroni akatoa moja, akaliwa; akatoa ya pili, akaliwa; kisha akanyanyua kete yake ya kushoto na kuruka, moja, mbili, tatu, akatua mwisho wa ubao.

"Kingi!" alipiga kelele. "Nivisheni kingi!"

Baraza likalipuka. Na ndani ya mlipuko ule, juu ya sauti zote, aliisikia: kile kicheko kinachofika barabarani. Asifiwe alikuwa amesimama, mikono kichwani, anacheka kwa ajili ya mumewe. Kwa muda ule, kama dakika moja na nusu, Hezroni hakuwa na wivu na mtu yeyote duniani.

Alikuwa mbele kwa kete mbili, mpunga haujaisha, na nafasi ya mbele ya pikapu ilikuwa ikinuka kama yake, ndipo sauti ikatoka nje, upande wa kutolea mchele.

"Lameck! We Lameck! Nani amekuambia ukoboe mpunga wangu?"

Hezroni aliijua sauti ile kabla akili haijaijua. Miguu ndiyo ilijua kwanza. Ilikuwa ya Bibi Tumpale wa Busale. Bibi Tumpale, mama yake Asifiwe. Mkwe wake.

Aliyezaliwa kwingine anaweza asielewe. Kule mwanaume haonani na mama mkwe wake hivi hivi. Wakikaribiana njiani, mmoja hupisha majanini, na wakiwa na neno la kuambiana hupitia kwa mtoto au kwa ukuta. Hata mwanaume aliyevaa kofia na koti angeinuka. Sasa huyu alikuwa na singlendi ya tundu, mapaja nje, mdomo wazi, anadai avikwe kingi. Aliinuka! Aliruka karai lake la maji, akaruka miguu ya watu, akatokea mlango wa nyuma, akajitupa kwenye chumba cha pumba, nyuma ya lundo. Pumba zikamwagika kichwani kwake, kwenye masikio, kwenye lile tundu la kwapani.

Alipotua chini ndipo akaikumbuka sheria ya kigoda.

Huko alipojikunyata alisikia yote. Alisikia Lameck akizima mashine. Alisikia Bibi Tumpale akiingia, na watu wakimpisha.

"Njooni muone! Huu ni mchele au ni uji? Chenga tupu! Nimeuleta uanikwe siku mbili, nimelifunga gunia kwa kitenge ili mtu ajue ni langu. Asifiwe, mwanangu, hebu tazama. Si kitenge ulichonipa wewe?"

Kilikuwa ndicho. Kwenye lundo la pumba Hezroni alifumba macho. Kitenge kile alikinunua yeye mwenyewe Kasumulu, sikukuu ya Pasaka, kwa heshima ya mama mkwe.

"Lameck, nani kakuagiza?" aliuliza Mama Angetile, na sauti yake haikuwa ya mtu asiyejua drafti.

Lameck, kama nilivyosema, alikuwa kijana mzuri. Alisema yote: ubichi, dakika kumi, tandiko la ngozi. Baraza zima likashusha pumzi. Gelasius akauliza, taratibu, gunia lililobaki liko wapi. Akaenda akapima unyevu kwa kuzamisha mkono, akawaambia wasaidie kulitandaza juani sasa hivi, maana yameharibika madebe mawili tu na mengine yatapona. Hata hapo! Hata hapo hakusema neno moja baya, na Hezroni angetoa pampu yake amsikie akitukana.

"Basi," alisema Mama Angetile. "Kigoda kimeachwa, mashine haijalia. Bwana shamba, kesho saa mbili uwe hapa. Uchane nywele."

Hilo lilimpita Hezroni kimo. Angeweza kunyamaza, mtu mwenye busara angejifia pale pale kwenye pumba mpaka giza lije kumchukua. Lakini ubao ulikuwa bado mezani, haujapanguliwa, na yeye alikuwa ameushinda.

"Hesabuni kete!" akapaza sauti kutoka nyuma ya lundo.

Kila mtu akageuka. Pumba zikaendelea kusema.

"Nasema hesabuni! Nilikuwa mbele kwa mbili! Kingi ninayo! Mimi sikuinuka kwa kushindwa, nimeinuka kwa heshima! Mnataka nimkalie mkwe wangu na singlendi? Nyie mngefanya nini? Desturi si mchezo mchafu!"

"Kuna ukweli hapo," mtu mmoja akanong'ona. Mwingine akasema sheria ni sheria. Wa tatu akasema heshima ni zaidi ya sheria. Ubishi ukashika moto, nusu baraza huku, nusu kule, na hata Mama Angetile akavua miwani akaifuta, kama mtu anayefikiri upya.

"Asifiwe! Mke wangu! Waambie!" pumba zikalia. "Si umeona mwenyewe? Nani alikuwa anaongoza? Sema kweli, nani alikuwa anamfunga bwana shamba?"

Asifiwe alifungua mdomo. Mama yake akamshika mkono. Bibi Tumpale hakulitazama lundo, maana si heshima kumtazama mkwe. Aliutazama ukuta, akazungumza na binti yake kwa sauti ya kumfikia kila aliyekuwa pale.

"Asifiwe, mwambie mume wako kwamba aliyekuwa anamfunga bwana shamba ni gunia langu. Kama wameshindwa kuamua, walipakie hilo mbele ya gari, liende Karonga."